Frédéric Ozanam: Kijana Aliyeona Kwamba Sadaka Haifuti Deni



Vijana wenzangu, ukizunguka parokia nyingi za kwetu utakikuta chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mara nyingi ni akina mama na wazee wachache, wana daftari lao na kisanduku chao cha michango, na mwisho wa wiki utawaona wanakwenda kumtazama mgonjwa au bibi anayelea wajukuu peke yake. Wengi wetu tunakiona kama chama cha watu wazima. Kumbe walioanzisha kazi hii walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na mmoja wao alikuwa anatimiza miaka 20 siku ile ile ya kikao cha kwanza. Huyo ndiye Mwenye Heri Frédéric Ozanam.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliishi maisha yetu: chuo, mitihani, kutafuta kazi, kutafuta mchumba, mashaka ya imani, siasa za nchi. Ya pili, alishikilia swali ambalo wengi hatupendi kuulizwa tukiwa na pesa mkononi: je, unachompa maskini ni zawadi yako, au ni haki yake uliyokuwa umeikalia?

Mtoto wa daktari

Frédéric alizaliwa tarehe 23 Aprili 1813 Milano, Italia, wakati mji huo ukiwa chini ya himaya ya Napoleon. Wazazi wake walikuwa Wafaransa. Baba yake, Jean-Antoine, aliwahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1816 familia ilirudi Ufaransa na kukaa Lyon. Katika nyumba ile walizaliwa watoto 14, lakini waliofika utu uzima ni watatu tu: Alphonse aliyekuja kuwa padre, Frédéric, na Charles aliyefuata nyayo za baba na kuwa daktari. Kwa hiyo kifo hakikuwa mgeni nyumbani kwao. Frédéric alikuwa bado mtoto mdogo alipofiwa na dada yake Élisa, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha kusoma.

Baba yake aliwatibu maskini wengi bila kuwatoza. Alikuwa akipanda ngazi za majumba marefu ya Lyon kuwafuata wagonjwa wa vyumba vya juu kabisa, kwa kuwa huko ndiko vilikokuwa vyumba vya bei rahisi. Mwaka 1837 alianguka kwenye ngazi akiwa katika kazi hiyo hiyo, akafariki. Zikumbuke hizo ngazi, maana mtoto naye alikuja kuzipanda.

Akiwa na miaka kama 16 Frédéric alianza kusumbuliwa na mashaka. Alisikia hoja za wasioamini, akajiuliza kama imani ya mama yake ni kweli au ni mazoea tu. Hakulala vizuri, hakuwa na amani. Aliyemsaidia ni mwalimu wake wa falsafa, Padre Noirot, aliyekuwa na tabia ya kutembea na wanafunzi wake huku wakizungumza. Padre huyo hakumkemea wala hakumwambia aache kuuliza. Alimfundisha kufikiri kwa mpangilio mpaka mwisho. Mimi niliyemaliza falsafa juzijuzi nafurahi sana nikifika hapa. Mashaka yake hayakuondolewa kwa kuogopa maswali. Na baada ya pale kijana aliahidi mbele za Mungu kwamba maisha yake atayatumia kuutumikia ukweli.

Mji wa hariri na bei ya kazi

Huwezi kumwelewa Ozanam bila kuijua Lyon. Mji ule uliishi kwa hariri. Mfanyabiashara alinunua nyuzi na kuzipeleka kwa fundi mfumaji. Fundi alikuwa na mtambo wake nyumbani, mara nyingi akiwa na mke, watoto na vibarua wawili watatu. Walikula pale, wakalala pale, na mtambo ukapiga kelele pale pale. Kitambaa kikikamilika, mfanyabiashara alilipa kwa kipande. Mfumaji aliweza kufanya kazi saa 15 kwa siku, na bado bei ya kipande ikishuka, familia nzima ilishuka nayo.

Oktoba 1831 wafumaji waliomba kitu ambacho leo tungekiita bei elekezi: kiwango cha chini cha malipo kwa kila kazi, ambacho hakuna mfanyabiashara angeruhusiwa kwenda chini yake. Mkuu wa mkoa aliwakutanisha pande mbili, wakakubaliana. Lakini wafanyabiashara wengi walikataa kukifuata, wakidai kwamba kinavunja uhuru wa biashara. Novemba wafumaji waliinuka na kuushika mji kwa siku kadhaa. Serikali ikatuma jeshi kubwa, mji ukarudishwa mikononi mwake, na yale makubaliano yakafutwa.

Hebu tutulie kidogo hapa, maana hapa ndipo lilipo fundo la habari yote. Tuseme mfanyabiashara mmoja wa Lyon alikuwa Mkatoliki mwema kabisa, anasali rozari, na anataka kuwalipa wafumaji wake vizuri. Jirani yake anayelipa kidogo atauza hariri kwa bei ya chini, na wateja watahamia huko. Yule mwema atafilisika, au atajifunza kulipa kidogo kama wenzake. Ndiyo maana wafumaji hawakuomba huruma ya tajiri mmoja mmoja. Waliomba kanuni inayowafunga wote, ili mtu mwema asiadhibiwe na soko kwa sababu ya wema wake. Hilo ni suala la uchumi, na ni suala la maadili pia. Huwezi kuvitenganisha.

Mwaka huo huo Frédéric, akiwa na miaka 18, alikuwa ameandika kijitabu kuwajibu wafuasi wa Saint-Simon. Hawa walikuwa watu waliohubiri jamii mpya iliyopangwa kwa misingi ya viwanda na sayansi, na walisema Ukristo wa zamani umeshamaliza kazi yake. Alifika Paris kusomea sheria mwanzoni mwa Novemba, siku chache tu kabla ya mji wake kulipuka.

Swali lililomuuma

Paris ilimwogopesha. Alikuwa kijana wa mkoani, mnyonge, mwenye aibu, hana ndugu. Akapata bahati ya kupokewa nyumbani kwa André-Marie Ampère. Ndiyo, huyo huyo unayemjua kwenye fizikia, ambaye kipimo cha mkondo wa umeme, ampea, kimepewa jina lake. Inasimuliwa kwamba siku moja Frédéric, moyo ukiwa mzito, aliingia kanisa la Saint-Étienne-du-Mont akamkuta mwanasayansi yule amepiga magoti kwenye kona anasali rozari. Kwa kijana aliyekuwa akisikia chuoni kila siku kwamba wasomi hawasali, hilo lilikuwa somo kubwa kuliko mihadhara kumi.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Paris na kuua watu zaidi ya 18,000. Kiliwakamata zaidi waliobanana kwenye vyumba vichafu, wenye maji machafu, waliodhoofika kwa njaa.

Wakati huo Frédéric na wenzake walikuwa na kikundi cha mijadala. Kifikirie kama TMCS ya chuoni kwenu, ila wao waliwakaribisha hata wasioamini waje kubishana. Frédéric alikuwa msemaji mzuri. Alitetea Kanisa kwa historia: limejenga shule, limejenga hospitali, limeokoa vitabu vya kale. Siku moja mwanafunzi mmoja wa upande wa pili alikubali kwamba zamani Ukristo ulifanya mema mengi, halafu akauliza: na sasa je? Ninyi mnaojiita Wakatoliki, leo, hapa Paris, mnafanya nini?

Swali lile lilimuuma kwa sababu halikuwa na jibu. Kitabu hakikutosha. Jioni ya tarehe 23 Aprili 1833 watu saba walikutana katika ofisi ya gazeti ya Bwana Emmanuel Bailly, mtu mzima aliyekuwa mlezi wao. Waliobaki sita walikuwa wanafunzi. Walikubaliana kitu kidogo: kuwatembelea maskini nyumbani kwao. Inasimuliwa kwamba Frédéric na mwenzake walianza kwa kubeba kuni walizobakiza za kujipashia joto, wakazipeleka kwa familia moja.

Kupanda ngazi

Hawakujua pa kuanzia, wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu wa Mabinti wa Upendo, aliyekuwa akihudumu mtaa wa Mouffetard, mmoja wa mitaa fukara kabisa ya Paris. Sista huyu, ambaye naye alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2003, aliwapa majina ya familia na vocha za mkate na makaa. Lakini zaidi ya vocha aliwapa malezi. Aliwafundisha kuingia kwa heshima, kuketi, kusikiliza kabla ya kusema, na kutomhubiria mtu mwenye njaa kana kwamba njaa ni dhambi yake.

Zingatia kwamba hawakuweka meza nje ya kanisa na kuwaita maskini wapange foleni. Walipanda ngazi kama zile alizokuwa akizipanda baba yake. Ukimpa mtu mkate kwenye foleni unaona mkono wake tu. Ukiketi chumbani mwake unaona kila kitu: godoro moja la watu sita, mtoto anayekohoa, mama anayeshona mpaka usiku wa manane. Na ukirudi wiki ijayo, na ijayo tena, unaanza kujiuliza maswali. Yaani huyu baba si mvivu. Anaamka kabla ya jua na kurudi giza limeingia. Sasa kwa nini watoto wake wanakula kwa vocha yangu?

Hapo ndipo Frédéric alipowapita watu wengi wema wa wakati wake. Wengi walifika kwenye mkate wakaishia hapo. Yeye aliufuata mkate mpaka kwenye mshahara. Aliandika kwamba kama Msamaria Mwema, upendo unamimina mafuta kwenye vidonda vya aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, lakini kuzuia unyang'anyi wenyewe ni kazi ya haki. Aliona pia jamii inagawanyika sehemu mbili, wenye navyo vingi mno na wasio na kitu, na aliogopa siku zitakapogongana. Alitaka vijana Wakristo wasimame katikati, si kwa kupiga siasa za maneno, ila kwa kuwa wanafahamika na kuaminiwa pande zote mbili.

Chama kikakua. Mwaka 1835 kilipata kanuni zake, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Mwalimu wa sheria ya biashara

Frédéric alipata udaktari wa sheria mwaka 1836, na mwaka 1839 akapata wa pili, wa fasihi, kwa kazi juu ya mshairi Dante. Mwaka huo huo mji wa Lyon ukampa nafasi ya kufundisha sheria ya biashara. Wasikilizaji wake wengi walikuwa vijana waliotarajiwa kuwa wafanyabiashara na mawakili, yaani matajiri wa kesho katika mji ambao damu ya wafumaji ilikuwa haijakauka. Maana baada ya 1831 kulikuwa na maasi mengine mwaka 1834.

Angeweza kufundisha mikataba na hundi, akachukua mshahara wake, akaenda zake. Badala yake aliwafundisha kwamba kazi ya binadamu si bidhaa kama magunia ya pamba. Mshahara wa haki, alieleza, unapaswa kutosha mambo matatu. Wa kwanza ni riziki ya mfanyakazi mwenyewe, aishi kama mtu. Pili, uwezo wa kulea na kusomesha watoto, kwa kuwa naye alilelewa na kufundishwa kwa gharama kabla hajaweza kufanya kazi. Tatu, akiba ya uzeeni, kwa sababu mikono ile itachoka. Mshahara usiofikia hapo unakula mwili wa mtu na kesho ya watoto wake.

Alitaja pia ni lini ajira inageuka kuwa unyonyaji. Ni pale mwajiri anapoacha kumwona mfanyakazi kama mshirika katika kazi, akamwona kama chombo cha kukamua huduma nyingi iwezekanavyo kwa bei ndogo iwezekanavyo. Hakuwachukia waajiri wala hakutaka mali za watu zichukuliwe. Aliwapinga waliotaka serikali imiliki kila kitu. Lakini aliwapinga vilevile waliosema kwamba bei ikikubaliwa na pande mbili basi ni halali. Mtu mwenye njaa hakubali, analazimika. Sahihi iliyowekwa na tumbo tupu si uhuru.

Haya aliyafundisha mwaka 1840. Waraka wa Papa Leo XIII unaoitwa Rerum Novarum, ambao wengi tunaufahamu kama mwanzo wa mafundisho rasmi ya Kanisa kuhusu jamii ya viwanda, ulitoka tarehe 15 Mei 1891. Nao unafundisha kwamba juu ya makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi kuna haki ya asili: mshahara umtoshe mtu kuishi. Fikiria, mlei wa miaka 27 alikuwa anawaambia wanafunzi wake mambo hayo nusu karne nzima kabla.

Hapa falsafa kidogo, msinichoke. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, nao upendo hunisukuma kutoa hata kile kilicho changu. Ukivichanganya unapata uongo mtamu sana. Kama nilipaswa kukulipa elfu kumi nikakulipa elfu sita, halafu Krismasi nikakuletea kilo mbili za mchele nikapiga na picha, sijakupa zawadi. Nimekurudishia sehemu ndogo ya fedha yako, na juu yake nimekudai shukrani. Wahenga walishamaliza: dawa ya deni kulipa. Sadaka haifuti deni.

Ndoa, chuo kikuu na kabati la watu

Mwaka 1840 aliingia mtihani mgumu wa ushindani wa walimu wa vyuo vikuu akashika nafasi ya kwanza. Akaitwa kufundisha fasihi za mataifa ya nje Sorbonne, Paris, ingawa angebaki Lyon angepata kipato kikubwa zaidi. Tarehe 23 Juni 1841 alimwoa Amélie Soulacroix, na inasimuliwa kwamba kila tarehe 23 ya mwezi alimpelekea maua. Mwaka 1845 wakampata binti mmoja, Marie. Kwa vijana mnaodhani utakatifu ni wa mapadre na masista tu, haya, mnamwona mume na baba.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza habari ya siku moja ya mwaka mpya. Frédéric alikuwa amesikia kwamba familia moja fukara imeweka rehani kabati lao, kitu cha mwisho cha thamani walichobaki nacho. Alitaka kwenda kulikomboa. Amélie alimshauri vizuri tu kwamba familia ile wameshaisaidia sana. Akatulia. Jioni akaona vitu vya kuchezea alivyopewa binti yake, akakosa raha. Akasema moyoni kwamba pesa za vitu vile zingetosha. Amélie alipomwona vile akamruhusu aende, na usiku ule kabati likarudi kwa wenyewe. Msomi aliyeandika juu ya mishahara ya taifa zima alikuwa bado na muda wa kabati la familia moja.

Mwaka 1848

Februari 1848 mfalme wa Ufaransa aliangushwa, jamhuri ikatangazwa. Wakatoliki wengi wenye mali waliogopa. Ozanam aliona ni nafasi ya Kanisa kuwageukia wananchi wa kawaida. Pamoja na Padre Lacordaire wa Shirika la Mtakatifu Dominiko na Padre Maret alianzisha gazeti la L'Ère nouvelle, yaani Enzi Mpya. Akagombea ubunge, akashindwa.

Serikali mpya ilikuwa imefungua karakana za taifa kuwapa kazi wasio na ajira, na waliojiandikisha walipita 100,000. Juni ikaamua kuzifunga. Wafanyakazi wakaweka vizuizi mitaani, jeshi likaingia, na kwa siku nne, tarehe 23 mpaka 26, watu waliuana kwa maelfu. Kile alichokiogopa tangu ujana kilikuwa kinatokea chini ya dirisha lake.

Tarehe 25 yeye na rafiki zake wawili walikwenda kwa Askofu Mkuu Denis Affre kumwomba aingie kati kupatanisha. Askofu alikuwa na wazo hilo hilo moyoni, akakubali. Walitaka kumsindikiza, lakini walikuwa wamevaa sare za walinzi wa taifa, naye akawazuia wasije wakaharibu ujumbe wa amani. Akaenda kwenye kizuizi cha Saint-Antoine, risasi ikampata, akafa tarehe 27. Ozanam aliubeba uzito wa kifo hicho.

Maasi yakazimwa na watu wenye nafasi zao wakashusha pumzi. Hapo Ozanam akaandika makala za kuwaamsha. Aliwauliza watu wema wa Paris kama wanadhani njaa nayo imeuawa pamoja na waasi. Aliwahimiza mapadre watoke kwenye mzunguko wao mdogo wawaendee wasiofika kanisani, matajiri wakumbuke wanachodaiwa, na wabunge wasiridhike na ukimya wa mitaa. Wengi walimwona msaliti, eti amekuwa mjamaa. Gazeti likapoteza wasomaji na mwaka 1849 likafa.

Kwa hesabu za dunia alishindwa: ubunge alikosa, gazeti lilikufa, mpatanishi aliuawa. Lakini chama cha wale watu saba kiliendelea kupanda ngazi.

Mwisho wa safari

Ugonjwa wa figo ulimmaliza polepole. Mwaka 1853 alikwenda Italia kutafuta hali ya hewa nzuri, na hata huko, akiwa hoi, alitembelea na kutia moyo vikundi vya chama. Alirudi Ufaransa akiwa mahututi, akafariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Alikuwa na miaka 40 tu. Mwili wake umelala Paris, chini ya kanisa la Saint-Joseph-des-Carmes.

Tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri katika kanisa la Notre-Dame, Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani. Kumbukumbu yake ni tarehe 9 Septemba. Hajatangazwa mtakatifu bado, tuendelee kuombea hilo.

Na sisi je?

Swali la yule mwanafunzi wa Paris bado lipo mezani: ninyi mnafanya nini? Ningependa tulijibu kwa mpangilio wa Ozanam, tukianza na haki.

Anza na madeni yako. Dada wa kazi nyumbani kwenu analipwa kiasi gani, na analipwa tarehe ngapi? Akiumwa, siku zile zinakatwa? Kibarua aliyekulimia shamba, fundi aliyekushonea sare ya kwaya, bodaboda uliyemwambia nitakutumia jioni: wamelipwa? Barua ya Yakobo, sura ya 5, inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Isome kabla hujatia bahasha kwenye kikapu Dominika hii.

Halafu kama umeajiri mtu, hata mmoja tu dukani au kwenye kibanda cha miamala, tumia kipimo cha mambo matatu: anaishi, anaweza kulea, anaweza kuweka akiba? Najua utaniambia, frateri, biashara yenyewe hailipi. Inawezekana ni kweli. Basi mwambie ukweli, mwonyeshe hesabu, mpangie atakavyopanda hali ikipanda. Hiyo ndiyo maana ya mshirika. Na pale ambapo mmoja peke yake hawezi, wafanyabiashara wakae pamoja wakubaliane, kama wafumaji wa Lyon walivyotaka. VIWAWA wa parokia yenu wanaweza kabisa kulijadili hili, maana ndani yake wamo wanaoajiri na wanaoajiriwa.

Baada ya hapo panda ngazi. Jiunge na hicho chama cha Mtakatifu Vinsenti, wazee wanahitaji miguu yenu. Nenda nyumba moja, rudi wiki inayofuata, kaa, sikiliza, usipige picha. Sheria nzuri bila mtu wa kuketi na mgonjwa ni baridi. Na ziara nzuri bila kuuliza kwa nini mfanyakazi ana njaa inaweza kuwa njia ya kulala usingizi tusiostahili. Ozanam alishika yote mawili mpaka kufa.

Tusali: Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utupe macho ya kuona jasho la wenzetu. Utufundishe kulipa tunachodaiwa kabla ya kujisifu kwa tunachotoa. Na tukishalipa, utupe moyo wa kutoa hata kilicho chetu. Amina.

Mwenye Heri Frédéric Ozanam, utuombee.